Madumu ya Harusi

Sista Marsiana alilisema jambo lake mara moja tu, tena akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, kama anayeongea na viatu vyenyewe.

"Mama Aron, mimi sina ugomvi na mtoto. Lakini bila maji mimi si muuguzi, ni mama mmoja tu aliyevaa nguo nyeupe. Leo tunakwenda Nyamahanga, jioni tunalala Nemba, kesho kutwa tunarudi hapa Benaco. Maji yakinikatikia hata kituo kimoja kwa ajili ya mtoto, safari ijayo mmoja wenu anabaki nyumbani. Na huyo wa miezi saba hawezi kubaki bila wewe. Kwa hiyo wa kubaki unamjua."

"Namjua, sista."

"Haya, pandeni."

Generoza akapanda gari, Aron mgongoni. Hakumkasirikia sista. Huyo ndiye mtu wa kwanza kumpa kazi. Kabla yake Generoza alikuwa amezunguka na cheti chake kwa wakandarasi wanne, na wote wanne walimsoma mtoto kabla ya kusoma cheti. Nacho kilikuwa cheti cha darasa la jioni: mwaka mzima wa kutoka shambani saa tisa, kunawa miguu, kutafuta lifti mpaka Ngara mjini, na kujifunza mabomba na pampu mpaka macho yanauma. Mimba ya Aron ilimkuta humo humo. Mtihani wa mwisho aliufanya amelala ubavu chini ya sinki, maana tumbo lilikataa alale vingine, mwalimu akimshikia tochi huku ametazama pembeni kwa wasiwasi. Akafaulu. Mumewe, Hategekimana, alikivika cheti nailoni akakitundika juu ya kitanda, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Nyuma ya gari walikokota tela. Zamani lilikuwa tela la kutalii. Wazungu wawili wazee walilizungusha nchi na nchi, wakalala humo, wakapika humo, mpaka uzee ukawashinda wakaliacha parokiani na kurudi kwao kwa ndege. Sasa kitandani mwao wanapimiwa wajawazito, kabati la vikombe lina dawa, na palipokuwa meza ya chakula pananing'inia mizani ya watoto. Kitu kimoja tu kilibaki vilevile, nacho ni sinki dogo la pembeni pamoja na mitambo yake ya maji. Chini ya benchi kulikuwa na tangi la lita mia mbili. Kutoka tangini maji yalipita kwanza kwenye kikombe cha plastiki angavu chenye wavu mwembamba ndani, yakaingia kwenye pampu ya betri isiyozidi mche wa sabuni kwa ukubwa, halafu kwenye machujio mawili marefu yaliyosimama pamoja kama mapacha: la nyuzi na la mkaa. Ndipo yakafika kwenye koki.

Hayo yote yalikuwa mikononi mwa Generoza. Alikuwa na desturi yake asiyoivunja: mfuniko wa tangi aufungue yeye, maji ayanuse kwanza dumu moja moja, kisha ayamimine kupitia kitambaa cheupe. Xavery, dereva, mtu wa makamo mwenye mdomo usiopumzika, alimcheka kwa hilo.

"Mama Aron ananusa maji kama mbwa wa polisi," alikuwa akisema.

"Na wewe unanusa ugali ukiwa bado unga."

"Hiyo ni karama, dada yangu."

Nyamahanga walifika saa mbili na nusu asubuhi. Vumbi lilikuwa limemjaa Aron puani, na njaa imempanda mpaka analia bila machozi, kile kilio kikavu kinachompasua mama kifua. Maziwa yenyewe yalikwishaitika. Generoza aliona gauni lake limelowa mbele, akajifunika kanga.

Uwanjani akina mama walikuwa tayari wamekaa chini ya turubai na watoto wao, kama arobaini hivi. Na pembeni, wamejipanga kwa heshima, wanawake kumi, kila mmoja na dumu la njano miguuni. Madumu yenyewe yalikuwa yanang'aa utadhani yametoka dukani. Mbele yao alisimama bibi mrefu aliyevaa kitenge cha sikukuu.

"Shikamoo, bibi," Generoza akampigia goti.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Felisita, hawa wanawake ni wangu. Maji yenu haya hapa, tumeyachota alfajiri kabla ng'ombe hawajayavuruga. Na huyu mume wangu anaitwa nani?"

"Anaitwa Aron, bibi."

"Mume wangu ana njaa, huoni? Kaa umnyonyeshe."

"Nikishajaza tangi, bibi."

"Tangi linalia?"

"Hapana, bibi."

"Basi mpe anayelia. Tangi tutajaza sisi. Tumezaa watoto, kumimina maji kutatushinda?"

Wanawake wakacheka. Generoza akageuka huku na huku. Sista alikuwa ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, anasaini kitabu cha wageni. Xavery alikuwa chini ya gari, miguu nje. Aron akakaza kilio, akamng'ata bega kwa fizi zake. Generoza akafungua mfuniko wa tangi, akampa Bibi Felisita kile kitambaa cheupe, akamwomba maji yapitie hapo. Kisha akazunguka upande wa pili wa tela, kwenye kivuli, akaketi chini na kumfungulia mwanawe.

Aron akanyamaza ghafla, kama redio iliyozimwa. Alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, akapumua, akarudi tena, kiganja chake kidogo kikipapasa shingo ya mama. Upande wa pili maji yalikuwa yanaporomoka tangini, gubu-gubu-gubu, na wanawake wanasemezana kwa Kisubi. Generoza akafumba macho. Alijua hajanusa. Alijiambia atanusa dumu la mwisho.

Alipofumbua, madumu yote kumi yalikuwa matupu, kitambaa kimekamuliwa na kuanikwa vizuri juu ya kioo cha gari.

Kliniki ikaanza. Sista Marsiana akavaa aproni, akapanga mezani chupa kumi na moja za dawa ya unga ya kifua, ile ya kuchanganywa na maji mpaka kwenye mstari, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakikohoa. Akaenda kwenye sinki kunawa. Akafungua koki. Pampu ikavuma, ikakohoa, ikavuma tena kwa ukali kama inayotukana, na kwenye koki yakatoka matone matatu.

"Mama Aron! Maji!"

Generoza aliingia mbio, Aron amelala mgongoni. Alizima swichi, akapiga magoti chini ya benchi, akafungulia kile kikombe cha plastiki. Kilikuwa kimeziba. Nyasi laini laini, zimejisokota kwenye wavu kama nywele kwenye kitana, na katikati yake mapumba mekundu ya mtama. Akakisogeza puani.

Rubisi. Harufu ya pombe ya ndizi ikampanda mpaka machoni. Hakuhitaji kuambiwa. Nyasi hizo ndizo ndizi zinakamuliwa kwazo, na mtama huo ndio unaochachusha. Kwao Benaco Hategekimana hukamua kila Krismasi. Akakumbuka madumu yalivyong'aa, akaelewa: si madumu ya kila siku. Yalikuwa madumu ya sherehe.

"Ni uchafu kidogo, sista," alisema, sauti yake mwenyewe ikimshangaza. "Nipe dakika kumi."

"Kumi," sista akasema, akatungua mizani, akatoka nayo nje kuwapima watoto uzito, kazi isiyotaka maji.

Xavery alichungulia mlangoni, akavuta pumzi, macho yakamtoka. "Hee! Kumbe leo sista anataka kulewesha kijiji chote."

"Shemeji, nyamaza."

Xavery akapanda, akachuchumaa karibu. "Sikiliza, mama Aron. Sista nimemwendesha miaka minane. Akisema mtu atabaki nyumbani, anabaki. Wewe osha hicho kikombe, rudisha. Chujio la mkaa litakula harufu. Nani atajua?"

Generoza aliosha kikombe kwa maji ya chupa yake ya kunywa, akakirudisha, akawasha pampu. Ikanguruma sawasawa. Akakinga glasi. Maji yalikuwa meupe kabisa. Alinusa, hapana kitu. Akaonja. Mwanzoni hapana kitu, halafu nyuma ya ulimi kukaja uchachu mdogo, kama kinywa cha mtu aliyeamka siku ya pili ya harusi.

"Je?" Xavery akauliza.

"Hayana harufu."

"Si nilikwambia!"

Aliitazama ile glasi. Ingewezekana, kweli. Chujio la mkaa lingevumilia saa moja, labda mbili. Sista angenawa. Lakini mezani zilikuwepo zile chupa kumi na moja. Sista huyachemsha maji ya dawa kwenye birika, ila kuchemsha hakutoi uchachu wala sukari ya ndizi, na dawa ile hukaa nyumbani kwa mtu siku saba, anapewa mtoto kijiko asubuhi na jioni. Mtoto wa nani? Kupitia mlangoni aliwaona wale watoto mapajani mwa mama zao, wengine wakubwa kidogo kuliko Aron, wengine wadogo, wanakohoa na kucheka na kukohoa. Mguu wa Aron ulikuwa unaning'inia ubavuni pake. Akaushika. Ulikuwa wa moto wa usingizi.

"Wewe ungempa mwanao?" akamuuliza Xavery.

Xavery alikuna kidevu.

Generoza akatoka nje. Alimkuta sista kwenye mizani, akamwomba pembeni, akamwambia yote kwa mfululizo kabla ujasiri haujamtoroka: madumu, nyasi, rubisi, kwamba tangi lote halifai, kwamba lazima limwagwe, lioshwe kwa klorini, machujio yabadilishwe yote mawili.

"Madumu huwa unayanusa," sista alisema. "Nimekuona. Leo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nanyonyesha, sista."

Sista Marsiana alimtazama. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso usiosema mapema.

"Hilo tutaliongea baadaye," akasema. "Sasa nataka maji. Kamwage kule nyuma ya shule, hawa wanawake wasione. Wamebeba kutoka bondeni kwa kichwa, mwendo wa dakika arobaini kupanda."

Generoza alikwenda hatua chache kuelekea kwenye tela, akasimama. Lita mia mbili kumwagwa kwa siri nyuma ya shule, na watoto wa shule wasione? Jioni kijiji kizima kingejua kwamba wageni wamekunja pua. Akageuza njia. Bibi Felisita alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya turubai, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyelaza wageni vizuri. Generoza akapiga goti mbele yake.

"Bibi, nimekosa."

"Umekosa nini, mwanangu?"

"Maji mliyotubebea sikuyanusa. Nilitakiwa nivinuse vyombo kwanza. Madumu yametoka kwenye sherehe, yalikuwa na rubisi."

Bibi Felisita alifunika mdomo kwa kiganja. Wanawake waliokuwa karibu wakasogea.

"Yametoka harusini, ndiyo," bibi akasema polepole. "Jumamosi tumemwoza mjukuu wangu. Sasa mwanangu, tungewapa nini? Madumu ya kila siku yana nyufa, yamezibwa kwa matambara na vigunzi vya mahindi. Hayo tuwaletee wageni? Tukasema, hapana, tutoe yale mazuri. Tumeyasugua kwa mchanga mara tatu!"

"Mara nne," mwingine akasahihisha.

"Najua, bibi. Yanang'aa kuliko sahani zangu. Lakini rubisi haitoki kwa mchanga, inaingia kwenye plastiki yenyewe. Na nyasi zinajificha kwenye mkono wa dumu, mle kwenye uwazi wa kushikia."

"Na kitambaa chako kiliziba kwenye dumu la pili tu," mwanamke mmoja mfupi akakiri. "Tukaona tunachelewa. Tukakitoa."

"Ndiyo maana mimi tangu Jumapili nikinywa maji naimba!" akadakia mwingine, na kicheko kikapasuka, kicheko cha aibu zaidi kuliko furaha. Bibi Felisita peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo unakwenda kuyamwaga," alisema.

"Sitaki kuyamwaga, bibi. Mmeyabeba kwa vichwa vyenu. Nimekuja mniambie yaende wapi."

Macho ya bibi yakahama, yakapita juu ya turubai, yakaenda kutua kwenye nyumba ndogo mpya upande wa pili wa uwanja. Miti ilikuwa imesimamishwa na kufungwa fito, bati limekwisha kupigwa, lakini kuta zilikuwa bado wazi, na mbele yake limerundikwa fungu la udongo mwekundu.

"Ile ni ya bi harusi wetu," akasema. "Anasubiri kukandika. Alikuwa anasubiri watu wa kumchotea maji."

Generoza hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimwita Xavery, wakasogeza tela mpaka karibu na lile fungu. Alichomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye machujio, akaunganisha mpira mrefu wa bustani, akautoa dirishani, akawasha pampu. Maji yakatoka kwa kishindo kidogo, yakaingia kwenye shimo walilolichimba katikati ya udongo. Bi harusi mwenyewe, msichana mwenye hina bado miguuni, akavua kandambili na kuingia matopeni. Wakamfuata watatu, wanne. Walikanyaga udongo wa maji ya rubisi huku wakiimba nyimbo zile zile za Jumamosi, na harufu ya pombe ikapanda kutoka kwenye matope, tamu na ya kuchekesha.

"Nyumba hii itakuwa na furaha," yule mfupi akasema. "Imekwisha kunywa kabla ya mwenye nyumba."

Bibi Felisita hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Kazi ikabaki ya tangi. Generoza akaomba ndoo mbili za maji kwa mwalimu wa shule ya pale, ndoo ambazo hazijawahi kwenda sherehe, akazinusa, akachanganya klorini, akazimimina ndani na kufunga mfuniko. Halafu akamwambia Xavery jambo alilofundishwa darasani: tangi la gari halisuguliwi kwa mkono, linasuguliwa na barabara. Maji ya dawa yakitikiswa kwenye mashimo yanafika kila kona ambayo mkono haufiki.

"Barabara ya kwenda wapi?"

"Bondeni. Chemchemini. Tukajaze huko huko kwa pampu, tusiguse dumu la mtu."

"Hapana," Bibi Felisita akakataa, amesimama wima. "Kwetu hapa mgeni hachoti maji. Haijatokea."

Generoza alimtazama. Akatabasamu.

"Bibi, si umemwita Aron mume wako?"

"Nimemwita."

"Mimi ni mama yake. Basi mimi si mgeni wako, ni mama mkwe wako. Na mama mkwe anakuagiza upande gari twende wote chemchemini, umshike mumeo, mimi nifanye kazi."

Uwanja mzima ulilipuka. Wanawake walipiga makofi, wengine wakapiga vigelegele, na Bibi Felisita alimtazama huyu mkwe wa miaka ishirini na minne kwa uso wa mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Huyu ana mdomo," akasema, akanyoosha mikono. "Lete mume wangu."

Njia ya bondeni ilikuwa ya ng'ombe. Xavery aliendesha kwa hatua, akilaumu kila jiwe kwa jina alilolipa yeye mwenyewe, na nyuma tela likayumba na maji ya klorini yakasikika yakipiga kuta za tangi huku na huku. Chemchemi ilikuwa imejengewa vizuri, maji yanatoka kwenye bomba fupi lililopachikwa kwenye saruji, membamba na baridi. Generoza alitoa machujio ya zamani, akayaacha yale maji ya klorini yakapita kwenye pampu na koki mpaka harufu yake ikafika sinkini, kisha akayatoa yote kwa mpira, mbali na chemchemi, upande wa chini. Akayatazama yale machujio ya zamani. La nyuzi lilikuwa limekuwa na rangi ya chai ya rangi. Akatia mapya ya akiba, akipaka mafuta kidogo kwenye pete za mpira kama alivyozoea, ili zisivuje, akakaza kwa mkono wala si kwa spana.

Kisha akaweka ndoo safi chini ya bomba la chemchemi, akatumbukiza mpira wa kuvutia, akapeleka mwingine tangini, akawasha. Pampu ile ndogo ikaanza kuvuta. Lita kumi kwa dakika, si zaidi. Hapakuwa na la kuharakisha. Alichuchumaa kwenye mawe yenye unyevu, akayanusa maji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akayaonja. Yalikuwa na ladha ya jiwe tu.

Hatua chache kutoka hapo Bibi Felisita alikuwa amekaa kwenye nyasi, Aron kasimama mapajani pake anamvuta kitambaa cha kichwa.

"Mama mkwe," bibi aliita. "Huyo mkubwa wako atakufukuza?"

Generoza alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Dereva. Dereva wako akitunza siri, mimi nitapanda ndege."

"Sijui, bibi. Alisema maji yakikatika kwa ajili ya mtoto, nitabaki nyumbani. Nayo yamekatika."

"Mimi ndiye niliyekukalisha chini."

"Kunusa ilikuwa kazi yangu."

Bibi alimshika Aron mikono miwili, akamrusharusha taratibu, akamwimbia kitu kwa Kisubi ambacho Generoza hakukielewa, ila Aron alikielewa, maana alicheka kwa sauti.

Saa sita na robo walikuwa wamerudi uwanjani. Sista Marsiana alikuwa amekwisha kuwapima watoto wote uzito na kuwaandika. Alipanda kwenye tela bila neno, akafungua koki. Maji yakaja mara moja, mengi, yametulia. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Akakinga glasi, akainusa, akainywa yote. Halafu akajaza birika, akaliweka jikoni, na kumwita mama wa kwanza mwenye mtoto wa kifua.

Mpaka saa tisa hawakuzungumza jingine zaidi ya "nipe ndoo" na "funga koki". Generoza alifanya kila kitu akingoja. Aliingia, akatoka, akafuta sakafu, akaangalia kikombe cha wavu mara tano. Kilikuwa safi mara zote tano.

Mama wa mwisho alipoondoka na chupa yake ya dawa, sista akavua aproni, akaketi kwenye ngazi ya tela, akanyoosha miguu.

"Kaa," akasema.

Generoza akakaa.

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza, sista."

"Xavery alikwambia unyamaze?"

"Xavery yule pale, sista. Muulize mwenyewe."

Sista akaguna, na ilikuwa karibu na kucheka. Alikung'uta vumbi kwenye sketi yake ingawa halikuwa jingi.

"Fundi aliyekutangulia hakuwa na mtoto," alisema. "Wala mke. Alikuja na muda wake wote, saa ishirini na nne. Miezi mitatu akanipa maji yenye ukijani, nikimuuliza ananiambia ni rangi ya tangi. Nikamwamini. Nikayatumia." Akatazama viatu vyake. "Leo asubuhi nilipokuwa nafunga viatu nilidhani shida itakuwa mtoto. Nimekaa hapo napima watoto, nikawa nawaza. Shida si mtoto. Shida ni mimi kukufikisha mahali na mtoto ana njaa, halafu nataka ufungue tangi hapo hapo."

Generoza alimgeukia.

"Kosa liko palepale," sista akaendelea. "Nitaliandika kwenye ripoti. Nitaandika hukunusa. Na nitaandika ulisema."

"Ndiyo, sista."

"Kuanzia leo tukifika mahali, unanyonyesha kwanza. Nusu saa. Wenyeji nitaongea nao mimi. Tangi halifunguliwi mpaka mtoto ashibe na wewe uwe umesimama hapo na pua yako. Umeelewa?"

Generoza aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka kabla hajapata kanga ya kuyafutia, na sista akageukia pembeni kwa ukarimu, akajifanya anawaangalia wanawake ng'ambo ya uwanja. Kuta mbili za nyumba ya bi harusi zilikuwa zimekwisha kukandikwa, nyekundu na mbichi.

Bibi Felisita alikuja taratibu, amembeba Aron kiunoni. "Mume wangu amechoka na mimi," akasema. "Anamtaka mama mkwe wangu."

Aron alimwona mama yake, akarusha mikono yote miwili. Generoza akampokea, akafungua gauni pale pale kwenye ngazi, mbele ya watu wote, akampakata. Mtoto akashika ziwa kwa mikono yake miwili kama mtu anayeshika kikombe cha uji.

Xavery alikwisha kuwasha gari. Akapiga honi mara mbili.

"Sista, Nemba ni mbali! Tukichelewa hapa tutalia na mashimo njia nzima!"

"Zima gari," sista alijibu bila kusimama. "Mtoto ananyonya."